Acha na Achia

Kila Jumamosi, kabla jua halijachoma, Restuta alishuka mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, kumsaidia baba yake mdogo, Osward, kwenye boti. Boti ile ilivusha watu na magunia ya mpunga katika Ziwa Rukwa. Restuta, mwanafunzi wa darasa la sita, alikaa mbele kabisa juu ya magunia akawa macho ya baba mdogo, kwa sababu aliyeshika mashine nyuma haoni kitu ila migongo ya abiria.

Kuvuka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuingia. Upepo wa Rukwa ukichachamaa huzigonganisha boti kama mbuzi dume, kwa hiyo watu wa mwalo ule walichimbia nguzo majini, na kila boti ikawa na mlango wake kati ya nguzo. Mlango wa Osward ulikuwa mwembamba. Boti ikiwa katikati, kiganja hakikupita kwa raha kati ya ubao na nguzo.

Nchi kavu, mbele ya mlango huo, alisimama Kefa, aliyesoma darasa moja na Restuta. Boti ikija imenyooka, Kefa alisema, "Achia," yaani iachie iingie. Ikija upande alisema, "Acha," na hapo Osward alizima mashine, wakainyoosha kwa mti mrefu wa upondo. Restuta aliyarudia maneno hayo kwa sauti kubwa ili yafike nyuma. Kefa alikuwa na kigugumizi, kwa hiyo kabla neno halijatoka aliinua mkono juu kama ni acha, au aliupunga kumwita mtu kama ni achia. Watu walipomuuliza Osward kwa nini amempa kazi mtoto wa namna ile, alijibu, "Macho yake hayana kigugumizi."

Jumamosi moja upepo ulikuwa mkali. Wasichana walikuwa wakiosha vyombo ukingoni, na Dina, rafiki wa Restuta, alipoiona boti inakaribia alipaza sauti.

"Restu, mkalimani wa Kefa. Leo mume wako anasemaje?"

Wenzake wakacheka. Restuta aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Mbele yake Kefa alikuwa ameinua mkono juu, mdomo unahangaika, "A-a-a..." Restuta aliuona mkono ule. Lakini alimgeukia Dina, akafumba macho na kupinda mdomo vilevile kama Kefa, akasema kwa nguvu, "A-a-a-achia."

Wasichana waliangua kicheko. Kule nyuma, Osward alisikia neno moja tu.

Mashine ikanguruma. Boti ikaigonga nguzo ya kushoto, ikapinda, ubavu wake ukalalia nguzo ya kulia. Bibi Tabita, aliyekuwa akirudi kutoka kumsalimia binti yake, alikuwa ameshika ukingo wa boti kama wazee wafanyavyo. Mkono wake ukabaki kati ya ubao na nguzo.

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Mkono wangu," kama mtu anayeonyesha kitu kilichodondoka.

Walipoisukuma boti, vidole vyake viwili vilikuwa vimebanwa mpaka vimekuwa bapa. Osward aliufunga mkono kwa kitenge, na Bibi akapakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali. Kisha Osward akageuka.

"Nani amesema achia?"

Wote walimtazama Restuta. Alitazama chini.

"Kefa," akasema. "Mimi nimerudia tu."

Kefa alifungua mdomo. "Mi-mi-mi..."

"Si unasikia, amekubali mwenyewe," mtu mmoja akasema. "Ndiyo, ni wewe."

Kefa alitaka kusema mimi sikusema hivyo. Hawakumngoja afike mwisho. Osward alimkamata sikio, akamchapa kofi na kumwambia, "Usikanyage tena mwalo huu."

Hospitalini vidole vile vilikatwa. Shuleni Kefa akapewa jina, Achia. Akipita, watoto walikunja vidole viwili na kumwonyesha mikono yenye vidole vitatu. Restuta naye alikunja vyake, asije akaulizwa kwa nini hakunji. Usiku, kila alipofumba macho, alimwona Kefa akihangaika na lile "mi-mi", akajifunika shuka hadi kichwani.

Baada ya siku chache Dina alimletea habari. "Kesho baba yake anampeleka Saza kwa mjomba wake, kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Shule basi. Eti mawe hayahitaji maneno." Dina alicheka. "Akaliambie jiwe achia."

Restuta hakucheka.

Asubuhi alikimbia hadi nyumbani kwa kina Kefa. Pikipiki ilikuwa tayari uani, na sare ya shule ilikuwa imeachwa juu ya kamba. Baba yake Kefa, Jastin, alikuwa amewaita Bibi Tabita na Osward, ili mtoto aombe radhi kabla ya kuondoka. Majirani nao walijaa, Dina akiwamo. Kefa alipiga magoti mbele ya Bibi.

"Ni-ni-ni..."

Mtu akaguna kwa kicheko. Jastin akasema, "Omba hivyo hivyo tumalize, mtu wa pikipiki ana safari."

"Baba mdogo, si yeye," Restuta akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikabidi arudie. "Si yeye. Mimi ndiye niliyesema achia. Kefa aliinua mkono, nikauona. Nilikuwa namwigiza ili Dina acheke."

Dina alirudi nyuma hatua moja.

"Na siku zote hizi unanitazama tu usoni," Osward akasema.

"Ndiyo, baba mdogo."

Mwenye pikipiki akauliza, "Sasa tunaenda au hatuendi?"

"Zima," Jastin akajibu.

Hapo Kefa akamaliza sentensi yake, polepole, na safari hii walimngoja. "Ni-nilisema acha."

Osward alichuchumaa mbele yake. "Nilikuchapa bure, mwanangu. Nilikusifia macho, halafu sikuyauliza. Jumamosi urudi kazini, na kuanzia sasa neno letu ni 'simama', lisifanane na lingine." Kwa Restuta maneno yake yalikuwa machache. "Wewe kwenye boti yangu hupandi."

Restuta alipiga magoti mbele ya Bibi Tabita, akalia.

"Usinililie," Bibi akasema. "Vidole vyangu huko vilikozikwa havisikii. Utakuja unichotee maji na kuniosha vyombo, maana mkono wa kazi hiyo umeuondoa wewe."

Jumamosi iliyofuata Restuta alikaa ukingoni na masufuria ya Bibi. Boti ilifika. Kefa aliinua mkono, Osward akazima mashine, upondo ukafanya kazi, kisha boti ikaingia mlangoni bila kugusa nguzo. Wasichana hawakuitazama. Walikuwa wakimtazama Restuta, na Dina ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkunjia vidole viwili.

"Bibi, waambie waache," Restuta akasema. "Nimeshasema ukweli."

Bibi Tabita aliketi juu ya jiwe, mkono umefungwa bendeji. Hakuwakemea.

"Mwenzako alibeba hayo bila kosa, na wewe ulimkunjia pia. Wewe una kosa, beba. Mzaha wako ulichukua vidole vyangu, lakini uongo wako ulitaka kuchukua mtu mzimamzima. Ukweli useme ungali mbichi, mjukuu wangu, kabla mwingine hajaulipia. Sasa sugua hilo sufuria, bado lina masizi."