Chura Ndani ya Bomba

Kila siku akitoka shule, Kasuku alipanda ngazi mbilimbili mpaka ghorofa ya tatu, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akauliza swali lake la kila siku: "Mama, kuna cha kuonja leo?"

Hakuwa akiuliza habari za chakula. Mama yake alikuwa mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, na sebule yao ndiyo iliyokuwa ofisi. Meza ya dirishani ilikuwa ya Mama, aliyeandika programu. Meza ya pili ilikuwa ya Baba Mdogo, ndugu yake baba, aliyechora picha na kutengeneza sauti. Nyaya zilitambaa sakafuni kama mizizi, na mgeni akitaka kuketi ilibidi kwanza ahamishe vipaza sauti kutoka kwenye kochi. Baba, ambaye aliendesha malori ya safari ndefu, alikuwa akisema kwamba kila akirudi hajui kama ameingia nyumbani kwake au kituo cha redio.

Tangu mwaka juzi walikuwa wakitengeneza mchezo mmoja tu, *Chura wa Bomba*. Chura mdogo wa kijani anaishi ndani ya mabomba ya mji, na mchezaji humwongoza afungue koki moja baada ya nyingine mpaka maji yafike kila nyumba. Kasuku ndiye aliyekuwa mwonjaji wa mchezo huo. Kila sehemu mpya ilipokamilika, yeye ndiye aliyeicheza kwanza, akasema ni wapi pagumu mno na ni wapi chura anapenya ukuta kama jini. Shuleni hakuna mwenzake aliyekuwa na cheo cha namna hiyo. Naye Kasuku, ambaye jina hilo hakupewa bure, alihakikisha darasa zima linakijua.

Alikuwa na cheo hicho peke yake mpaka siku Nukta alipobisha hodi.

Nukta alikuwa binti wa fundi cherehani, mama aliyekodi chumba cha chini, karibu na lango la jengo. Alisoma darasa moja na Kasuku, na aliitwa jina hilo kwa sababu ya umbo lake dogo. Siku hiyo alikuwa amekumbatia kompyuta mpakato kuukuu, nene kama mkate.

"Shikamoo, mama," alisema. "Kasuku alitusimulia habari za chura. Nimejaribu ile sehemu ya kwanza mliyoiweka mtandaoni, lakini kompyuta yangu inaikataa."

"Marahaba, mwanangu. Lete niione."

Kompyuta hiyo ilikuwa imetupwa na ofisi fulani, na kaka yake Nukta akaifufua. Kwa kuwa ilikuwa dhaifu, hakuiwekea mfumo wa uendeshaji, ile programu kuu inayoiongoza kompyuta yote, unaotumiwa na watu wengi. Aliiwekea mwingine, mwepesi na wa bure, ambao watumiaji wake ni wachache.

"Tatizo si wewe wala kompyuta yako," Mama alimweleza. "Mchezo wetu tuliushona kwa vipimo vya mfumo ule wa wengi. Wako ni mwili mwingine kabisa."

Nukta alifikiri kidogo. "Basi, mama, hauwezi kupunguzwa kiunoni?"

Mama alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Kasuku alisimama pale akijaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe alimchekesha Mama namna hiyo. Hakukumbuka.

Jioni ile Mama na Baba Mdogo walibishana kama wautengeneze mchezo kwa mfumo wa Nukta pia.

"Shemeji, sisi ni wawili tu," Baba Mdogo alisema. "Watu wa mfumo ule, katika wachezaji mia huwapati hata watano. Kila tukibadilisha kitu itabidi tukijaribu mara mbili, na kila lalamiko tulijibu mara mbili. Mshika mawili moja humponyoka."

"Haba na haba hujaza kibaba," Mama alijibu.

"Kibaba hicho hakitajaa mwaka huu."

"Huenda. Lakini wakubwa hawawajali watu hao. Wakipata anayewajali, hawamsahau. Halafu mashine dhaifu hufichua makosa ambayo mashine zetu zenye nguvu huyafunika."

Baba Mdogo alikuna kidevu. "Hilo la mwisho nalikubali nusu. Haya, jaribu katika saa zako za ziada. Ukianza kutuchelewesha, tuuache."

Kasuku alikuwa upande wa Baba Mdogo tangu neno la kwanza, ingawa hoja zake wala hakuzisikiliza.

Tangu hapo Nukta akawa anapanda juu mara kwa mara. Mama alimpa kila toleo jipya kwenye flashi, naye alicheza kimya, kisha akaeleza hatua kwa hatua alichokifanya kabla ya chura kuganda. Hakupiga soga wala hakujisifu. Ndicho kilichomuudhi zaidi Kasuku. Mtu anayejigamba unaweza kumkata maneno, lakini huyu ungemkata nini? Siku moja Kasuku alirudi akamkuta Mama amehamisha vipaza sauti kwa mikono yake mwenyewe ili Nukta akae vizuri.

"Mtoto huyu ana macho ya fundi," Mama alimwambia Baba Mdogo. "Jana aliona kasoro ambayo sote imetupita."

Sote. Kasuku alilitafuna neno hilo usiku kucha. Shuleni nako, msichana wa dawati la mbele alitaka kujua chura atatoka lini, akampita Kasuku, akaenda kumuuliza Nukta. Nyumbani, wakati wa kula, ilikuwa Nukta kasema hivi, Nukta kaona vile. Hata insha ya Kasuku, aliyopata alama za juu kupita wote, Mama aliisoma haraka haraka, akasema "Vizuri, mwanangu," kisha macho yakarudi kwenye kioo cha kompyuta.

Zikiwa zimebaki siku chache mchezo utolewe rasmi, Nukta alimsimamisha Kasuku chini ya ngazi. Alikuwa na uzi shingoni na sindano kifuani, kwa sababu mama yake alikuwa amepata kazi nyingi za sare.

"Leo siwezi kupanda," alisema. "Mwambie mama kuna kasoro kubwa. Ukihifadhi mchezo chura akiwa bado ndani ya bomba, kisha ukaufunga, ukirudi unakuta yote yamefutika. Nimejaribu tena na tena. Nitakuja Jumamosi nimwonyeshe."

"Nitamwambia," Kasuku alijibu.

Alianza kupanda akiwa na nia ya kusema. Lakini mlangoni tu, hata kabla hajavua viatu, Mama aliuliza: "Umemwona Nukta? Anasemaje?"

Hakumuuliza habari za shule, wala kama amechoka.

"Amesema mchezo hauchezeki kabisa kwenye kompyuta yake," Kasuku alisema. "Amechoka nao. Hataki tena."

Mama aliketi taratibu. "Hata hakuja kuniaga," alisema.

"Si nilisema, shemeji," Baba Mdogo alinena kwa upole. "Tuwaache hao. Tumalize kazi ya wengi."

Kesho yake Kasuku alipita kwa fundi cherehani, akakamilisha alichokianza. "Mama amesema usije tena. Kompyuta yako inamchelewesha kazi."

Nukta hakubisha. Alisema "Sawa," akainama tena kwenye pindo alilokuwa akilikunja.

Kwa siku kadhaa Kasuku alipata alichokitaka. Cheo kilirudi, jina la Nukta likakoma mezani, na Mama akamsifu mbele ya Baba. Mchezo ulitoka katika duka la mtandaoni, na watu wakaupenda. Baba Mdogo alicheza ngoma kwa vijiko jikoni.

Kisha malalamiko yakaanza kuingia. "Mwanangu amecheza wiki nzima, leo kila kitu kimefutika." "Nimepoteza mji mzima wa maji." Walioandika walikuwa watu wa mfumo ule wa wengi, wale wale ambao mchezo ulishonwa kwa vipimo vyao. Baada ya muda duka nalo likaonya kwamba kasoro isiporekebishwa upesi, mchezo utaondolewa.

Mama na Baba Mdogo waliacha kila kitu. Walihifadhi, wakafunga, wakafungua, wakahifadhi tena. Kwenye mashine zao hakuna kilichopotea. Mama alipunguza kula. Alikuwa akitazama kioo huku midomo ikicheza bila sauti, na Kasuku alijua kwamba kazi ya tangu mwaka juzi ilikuwa ikizama mbele ya macho yao, ilhali jibu limelala chini ya ulimi wake.

"Mwonjaji mkuu," Baba Mdogo alimwita siku moja alasiri, "hebu onja tena. Tuokoe."

Kasuku alikaa. Alicheza kidogo, na hapo wazo likamjia. Kwani lazima aseme ni nani aliyeiona kasoro? Angeisema tu, mchezo ungepona, na sifa zingekuwa zake.

"Nimeigundua," alisema. "Ukihifadhi chura akiwa ndani ya bomba, kisha ukafunga, yote yanafutika. Imenitokea hapa hapa."

Mama aliruka kutoka kitini, akamkumbatia. "Mwanangu, Mungu akuzidishie."

Wakajaribu. Chura akaingia bombani, Mama akahifadhi, akafunga, akafungua. Kila kitu kilikuwepo. Wakajaribu tena, na tena, na kwenye kompyuta ya Baba Mdogo pia. Hakuna kilichofutika.

"Ajabu," Baba Mdogo alisema. "Mashine hizi zinahifadhi kabla hujapepesa jicho. Kasoro ya namna hiyo ingeonekana kwenye mashine ya polepole. Wewe umeionaje kwenye hii?"

Kasuku alimtazama Mama, akaona tumaini lile likianza kugeuka kuwa swali, na machozi yakamtangulia.

"Si mimi niliyeiona," alisema. "Ni Nukta. Alinituma nikwambie kabla mchezo haujatoka. Nikasema amechoka, lakini hakusema hivyo. Na yeye nilimwambia umemkataza kuja."

Baba Mdogo aliinuka, akaenda jikoni bila kuwa na shida ya kwenda huko. Mama hakufoka, na Kasuku alitamani angefoka.

"Vaa viatu," Mama alisema.

Fundi cherehani alipowaona alitoa pini mdomoni, akazichoma kwenye mto mdogo aliofunga mkononi. Nukta alikuwa sakafuni akipanga vifungo. Kasuku alisimama kati ya sare zilizotundikwa akasema yote, tangu la chini ya ngazi mpaka la kujitwalia sifa. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko juu, kwa sababu Nukta alimsikiliza bila kumsaidia hata kwa kutikisa kichwa.

"Nilidhani kompyuta yangu imewaudhi," Nukta alisema mwishowe. "Nilimwambia kaka aiuze."

"Siku ile alinishonea mfuko wa shati mgongoni," fundi aliongeza. "Nikamuuliza una nini, akasema hana kitu."

"Naomba unisamehe," Kasuku alisema.

"Sijui kama nimeshakusamehe," Nukta alijibu. "Lakini kompyuta haijauzwa. Mama Kasuku, twende nikuonyeshe."

Ilikuwa kama alivyosema. Kwenye mashine ile kuukuu, kama kwenye mashine dhaifu za waliolalamika, kazi ya kuhifadhi ilichukua muda, na wakati huo chura aliendelea kuteleza bombani. Mchezo ukaandika kwamba yuko mahali ambapo ameshaondoka, na ulipofunguliwa tena haukumwona, ukafuta yote. Mama alipiga paji la uso kwa kiganja. Jua lilikuwa halijazama bado alipokuwa amemfundisha chura kusimama mpaka kuhifadhi kuishe. Toleo lililorekebishwa likatumwa dukani, na malalamiko yakapungua, kisha yakakoma.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," Baba Mdogo alikiri. "Wale wachache niliowadharau, mmoja wao angetuokoa mapema. Ila bado nasema sisi ni wawili."

"Ni kweli, na hatuwezi kutengeneza kwa kila mfumo duniani," Mama alisema. "Tutaahidi kile tunachokiweza. Huu wa Nukta tunauweza, kama atakubali kuendelea nasi."

Nukta alisema atatoa jibu mama yake akimaliza sare.

Mama na Kasuku walimsindikiza chini. Waliporudi, Mama aliketi kwenye ngazi, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyo kando yake ili Kasuku akae.

"Nami nina kosa," alisema. "Nililipokea neno la mtu bila kushuka ngazi hizi kumsikia mwenyewe. Na nilikuacha uone kama mapenzi yangu yamehamia kwa mwingine. Hayakuhama. Ungeniambia, ningekusikia."

"Nilikuwa naona wivu," Kasuku alisema kwa sauti ndogo.

"Wivu humjia kila mtu, mwanangu, hata mimi hunijia. Kuja kwake si kosa. Kosa ni kuutuma kazi. Wewe uliutuma ukaseme uongo, na tazama umewaumiza wangapi: rafiki yako, mimi, baba yako mdogo, na watoto usiowajua walioona kazi yao ikifutika. Ukiona mwenzako ana jicho kali, jifunze kwake. Ukilifunga jicho lake, hata wewe huoni tena."

Kasuku aliinamisha kichwa. "Kesho atarudi?"

"Sijui. Mimi nimeshamwomba. Sasa ni zamu yako kumwomba."

Kasuku aliinuka, akashuka ngazi, safari hii moja moja, kwenda kubisha hodi kwa fundi cherehani.