Kurasa Zilizoshikana

Mke wa Fundi Miwani alikuwa akimenya vitunguu, machozi yanamtoka, na huku anacheka.

"Ama kweli mwandishi wako ana visa," alisema. "Eti hakimu anasinzia, wigi linatumbukia kwenye bakuli la uji, naye anaamka analivaa hivyohivyo! Jana umenivunja mbavu."

Fundi Miwani alisita, kikombe mdomoni. Jana hakumsomea mkewe chochote. Wala juzi, wala mwezi uliopita. Akakitua kikombe, akachukua koti lake, akaenda dukani.

Msimhurumie haraka. Mtu huyu alishinda akiwasagia watu lenzi, lakini macho ya mkewe yalimshinda. Yalipofifia kabisa alimshika mkono akamwahidi, "Mimi nitakuwa macho yako. Kila siku nitakusomea." Na alimsomea kweli, miaka na miaka, kutoka kitabu cha yule mwandishi waliyempenda tangu uchumba wao, kitabu chenye madoa ya chai na jalada linaloshikiliwa na gundi. Mkewe alizoea kutania kwamba yeye aliolewa na sauti, mwenye sauti alikuja kama nyongeza.

Kisha bwana akaingiwa na wazimu wa kukusanya. Alijuana na muuza vitabu vya kale, akaanza kusaka matoleo ya kwanza ya mwandishi yule. La kwanza kabisa alilipata kwa kubadilishana, na alichokitoa ni kilekile chenye madoa ya chai, kwa kuwa kilikuwa na saini ya mwandishi. Hakumwuliza mkewe. Alipewa kitabu wasichowahi kukisoma, ambacho kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kingoni, kama vilivyokuwa vikitoka kiwandani vitabu vya zamani, ili msomaji azichane mwenyewe kwa kisu.

"Hakijasomwa na mtu tangu kichapwe," muuzaji alimnong'oneza. "Ukikichana, umekiua."

Basi hakukichana. Alikivika nailoni, akakifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Vikafuata vingine. Mkewe akiuliza, "Leo hatusomi?" anajibiwa, "Hivi si vya kusoma, mke wangu. Ni vya kuhifadhi." Mwishowe mama wa watu akaacha kuuliza.

Siku hiyo ya vitunguu Fundi alipita kwa muuza vitabu kumwuliza habari ya hakimu na wigi.

"Si kwenye hichohicho chako cha kwanza, kisichochanwa!" muuzaji alicheka. "Sura ya tatu. Mbona sauti imekukauka hivyo? Mafua?"

Kweli sauti ilikuwa ikimkauka, na wateja nao walikuwa wamemwambia. Alasiri akafunga duka mapema, akarudi nyumbani.

Ukumbini palinuka kama nyumba iliyofungwa masika yote. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake mtu alikuwa akisoma, taratibu, akipumua pale pa kupumua, akishusha sauti pale pa siri, na Fundi akasimama pale, maana sauti ile ilikuwa yake, yake hasa, ile ya zamani, ya uchumba, na alipochungulia alimwona mkewe amekaa na uso umeinama upande kama anayeota jua, na kiti cha pili, kiti chake yeye, kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea.

"Nani huyo?" alikwaruza.

Sauti ikakoma. Mkewe akageuka. "Mume wangu, ni nini hicho?"

"Upepo tu, mke wangu," kiti kikajibu.

Fundi aliruka akaukamata mkono wa mkewe, akauweka usoni pake. Vidole vikapapasa pua, vikapapasa masharubu. Kitini, sauti ileile ikaendelea kusoma. Mkewe akapiga ukelele.

Kesho yake shemeji, dada wa mke, alimleta mganga, mwanamke mwenye haraka ambaye hata mkoba hakuutua. Fundi alimfungulia kabati; mganga akanusanusa humo, akakitoa kitabu kile cha kwanza.

"Hiki anakisoma nani?"

"Hakisomwi."

"Basi usishangae kikipata mpangaji. Alikuwa humo kimya chake. Amemsikia mkeo anaomba kusomewa, wewe hujibu, yeye akaitika. Na sauti yako si huitumii? Kaichukua." Akamtolea kisu. "Dawa ni nyepesi. Zichane kurasa, umsomee mwenyewe, hapahapa. Sauti iliyobaki itatosha."

Fundi alishika kisu. Akazitazama kingo zile safi.

"Hakuna njia nyingine?" alisema polepole. "Nikanunua cha kawaida, nikamsomea hicho?"

Mkewe, aliyekuwa akitetemeka tangu asubuhi, aliacha kutetemeka.

"Dada, nifungie nguo zangu."

"Mke wangu, nimeuliza tu!"

"Nami nimesikia."

Mkewe alihamia kwa dada yake, na nyumba ikatulia. Harufu ikaisha, mto haukubonyea tena, na Fundi akajipa moyo kwamba jini limekwenda zake. Lakini alimkumbuka mkewe vibaya mno, hata chai hakuimaliza. Alasiri moja akampigia shemeji simu.

"Nani mwenzangu? Unakwaruza, sikusikii."

"Mimi, shemeji. Mume wa dada yako."

"Tafuta mwingine wa kumtania. Shemeji yangu yuko ndani humu. Sikumwona akiingia, lakini nimemsikia akiomba radhi mpaka nikalia. Anamsomea mkewe, nimewaachia chumba."

Fundi alikivuta kitabu kabatini, akabeba kisu, akakimbia. Shemeji alifungua mlango, akamtazama, akageuka kutazama chumba ambamo sauti ilikuwa ikisoma, kisha akakaa chini palepale mlangoni.

Fundi akapita. Alipiga magoti mbele ya mkewe, akamshika mkono. Mkewe akauvuta kama aliyeguswa na mgeni. Basi akazichana kurasa, zote, hovyo, vipande vikaanguka sakafuni, akaitafuta sura ya tatu, akaanza kusoma kwa nguvu zake zote.

Mkewe akainua uso. "Mume wangu, ni nini kinachokwaruza?"

"Panya, mke wangu," sauti ikamjibu kwa upole, karibu na sikio lake. "Wanatafuna karatasi. Tulifika wapi?"