Sahani ya Hellena

Coleta alikuwa mwanamke wa kuchoka. Asubuhi shambani, mchana sokoni, jioni jikoni. Nyumbani kwake Kasense watu sita walikula ugali kwenye sinia moja. Sasa kwenye sinia la watu sita, nani anahesabu matonge ya mwenzake?

Binti yake Hellena, wa miaka kumi na tano, alifunga Kwaresima nzima. Coleta alijivuna jumuiyani. "Mtoto wangu ana imani."

Pasaka ikaja, ikapita. Hellena alinawa na wenzake, akamega tonge, akalificha kwenye kitenge. Kuku uani wakanenepa kwa ugali wake. Yeye alikonda hadi sketi ya shule ikafungwa kwa kamba. Hedhi ikakoma. Majirani wakanong'ona kwamba ni ukimwi. Baba yake, Kalisti, akashika fimbo.

"Utakula, hutakula?"

Hellena alilia tu. Siku moja akazirai kando ya kisima.

Coleta alimkimbilia Bertilla, muuguzi aliyeishi jirani. Bertilla alimshika Hellena mkono, akasikiliza mapigo.

"Moyo unakwenda polepole mno. Hospitali, leo hii!"

Alilazwa majuma matatu. Damu ilipimwa, hakuwa na ukimwi. Chakula alipewa kidogo kidogo, kikaongezwa chini ya uangalizi. Mwili uliozoea njaa hudhurika ukishindiliwa ghafla.

"Amerogwa?" Kalisti aliuliza.

"Hapana, shemeji," Bertilla alijibu. "Ni ugonjwa wa akili. Anaogopa kunenepa kuliko kufa. Hata akiwa mifupa mitupu, anajiona mnene. Si kiburi, na fimbo haiutibu."

"Shuleni waliniita Pipa," Hellena alisema kwa sauti ndogo. "Nikaanza na Kwaresima. Halafu nikashindwa kuacha."

Kalisti aliinamisha kichwa. Aliona aibu.

"Akirudi nyumbani, mpakulieni sahani yake," Bertilla alisema. "Mara tatu kwa siku, na uji katikati. Mmoja wenu akae naye mpaka amalize. Msimtukane, wala msiuseme mwili wake. Kila juma aje kliniki apimwe na kuzungumza nasi."

"Sahani ya peke yake? Kama mgeni?" Coleta alishangaa.

"Kama mgonjwa, dada. Chakula ndiyo dawa yake."

Ilikuwa kazi, jamani. Ugali ulipoa. Maharage yalimwagwa. Hellena alilia, Coleta akakaa. Kalisti naye alikaa zamu yake, bila fimbo. Kuna siku Coleta alitamani kumzaba kibao. Alitoka nje, akavuta pumzi, akarudi mkekani. Miezi saba ikapita hivyo.

Mchana mmoja usingizi ulimzidi Coleta palepale mkekani. Aliposhtuka, sahani ilikuwa tupu. Alikimbia uani kuwatazama kuku. Walikuwa wanachakura vumbi, hawana hata chembe ya ugali.

"Nimekula mwenyewe, mama," Hellena alisema kutoka mlangoni. "Rudi ulale kidogo. Umechoka."