Maneno ya Video ya Mama Eustadia

Mama Eustadia anaishi Ihembe, wilayani Karagwe. Anaishi na mwanawe Gosbert na mkwewe Kokuhirwa, ambaye nyumbani wanamwita Koku. Nyuma ya nyumba yao kuna migomba, na katikati ya migomba kuna mibuni.

Kila msimu, Mama Eustadia huchuma kahawa ikiwa bado ya kijani. Huichemsha pamoja na majani ya kunukia, kisha huianika mpaka ikauke. Hiyo ndiyo amwani, kahawa ya kutafuna. Mgeni akifika, hata kabla hajakaa vizuri, anawekewa amwani kiganjani. Ukikataa, mama atakutazama mpaka ukubali.

Gosbert ni mkulima, lakini pia anapiga video fupi kwa simu. Anaziweka kwenye soko la video mtandaoni. Watu wanaotengeneza filamu na matangazo hutafuta humo video wanazozihitaji, na wakizipenda wanazinunua. Ili video ipatikane, mwenye video anaiandikia maneno ya utafutaji. Mnunuzi akiandika "migomba", soko linamletea video zenye neno hilo.

Mwezi wa kumi, Gosbert alimpiga mama yake video akikoroga chungu cha kahawa jikoni. Moshi wa kuni ulikuwa mwingi. Macho ya mama yalikuwa mekundu. Midomo yake ilikuwa inacheza, maana hajui kupika bila kuimba.

"Huko kwenye simu watajua mimi ni nani?" mama aliuliza.

"Watajua, mama. Ila usiitazame simu."

"Nisipoitazama, itanionaje?"

Koku, aliyekuwa akipika kando yao, alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Siku zilipita. Hakuna mtu aliyeifungua video ile. Kila asubuhi mama aliuliza, "Wameniona?" Gosbert hakupenda kumjibu hapana. Akaanza kutafuta njia ya mkato.

Akapata ukurasa mtandaoni unaoonyesha mitindo ya utafutaji, yaani maneno ambayo watu wanayatafuta kwa wingi na ni wakati gani wanayatafuta. Aliandika "bibi", "chungu" na "moshi" kwa Kiingereza. Ukurasa ukamletea maneno mengine ya Kiingereza yaliyokuwa yanapanda kwa kasi mwezi huo. Gosbert aliyanakili yote, akayaweka kwenye video ya mama.

"Umeyasoma?" Koku aliuliza.

"Ya nini kuyasoma? Yanatafutwa!"

Kweli, watu wakaanza kuifungua video. Gosbert alikimbia jikoni.

"Mama, sasa wanakuona!"

Siku hiyo Mama Eustadia alivaa kitenge chake cha kanisani kutwa nzima, hata wakati wa kumenya ndizi.

Siku ya soko, Gosbert alikwenda Kayanga. Alipita studio ya Salwa. Salwa ni mzaliwa wa Kayanga, ingawa babu yake alitoka Tanga. Amekuwa akiuza video mtandaoni kwa muda mrefu, na ndiye aliyemfundisha Gosbert kuanza.

"Karibu, kaka. Mama hajambo?"

"Hajambo, dada. Amekuwa mtu maarufu. Hebu tazama!"

Salwa alichukua simu akitabasamu. Akasoma. Tabasamu likamtoka.

"Kaka Gosbert, maneno haya umeyasoma?"

"Yanatafutwa sana, dada."

"Yanatafutwa kwa sababu mwisho wa mwezi huu nchi nyingine zina sikukuu ya kutishana. Watu wanavaa vinyago vya mizimu. Neno hili maana yake ni mchawi. Hili ni kikongwe mchawi. Na hili ni chungu cha sumu." Salwa alishusha sauti. "Umemwita mama yako mchawi."

Gosbert alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Alimkumbuka bibi mmoja wa kijiji cha jirani. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya macho mekundu, mpaka akahama kwake. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni tu. Gosbert aliona aibu sana.

"Tazama na hapa," Salwa alisema. "Kuna mtu ameiweka kwenye kapu lake. Bado hajalipa. Akilipa, mama ataingia kwenye filamu ya kutisha, na hatutaweza kumtoa."

"Iondoe, dada! Iondoe sasa hivi!"

Salwa alibonyeza. Mtandao ukawa mzito. Wote wawili waliikodolea macho simu ile. Hatimaye ujumbe ukaja kwamba video imeondolewa sokoni, na Gosbert akavuta pumzi.

"Kumbe hii mitindo ni mibaya," alisema.

"Si mibaya. Ila wewe uliianzia mkiani. Anza na video yenyewe. Andika kinachoonekana: nani, anafanya nini, kwa kitu gani, wapi. Ukishapata maneno ya kweli, ndipo uiulize mitindo. Kati ya maneno haya ya kweli, watu wanatumia lipi zaidi? Wanalitafuta miezi gani? Kama hupanda kila mwaka wakati fulani, weka video mapema, kabla ya wakati huo. Neno likiwa maarufu lakini halimo kwenye video, liache."

"Hata kama litaleta watu wengi?"

"Watakuja na kuondoka, maana sicho walichotafuta. Na soko likigundua unadanganya, linakufungia."

Gosbert angeweza kunyamaza. Video ilikuwa imeshaondolewa. Lakini alipofika nyumbani alimweleza mama yake kila kitu.

Mama Eustadia aliketi. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Macho yangu haya, Gosbert? Yaliyoharibika kwa moshi nikikupikia?"

"Nisamehe, mama."

Koku alikuja akakaa karibu na mama mkwe wake, akamshika mkono. Kisha mama akasema, "Lete simu. Leo maneno nitayasema mimi. Koku ataandika. Wewe utakaa kimya."

Mama akataja. Kahawa mbichi. Majani ya kunukia. Chungu cha udongo. Kuni. Mama mzee anakoroga na kuimba. Kahawa ya kutafuna. Karagwe, Tanzania.

"Ongeza 'mrembo'," alisema.

"Mama!" Gosbert alisema.

"Nilikuambia ukae kimya."

Koku aliyaweka maneno kwa Kiingereza, akilihakiki kila moja, kisha akayalinganisha kwenye ukurasa wa mitindo. "Kupika kahawa kienyeji" lilitafutwa zaidi kuliko "kuchemsha kahawa", na yote mawili yalikuwa ya kweli, kwa hiyo akaliweka mbele. "Kahawa ya kutafuna" lilitafutwa na wachache. Koku hakulifuta, kwa sababu anayelitafuta hilo anaitaka video hii hasa. Wakairudisha video sokoni.

Walioifungua sasa walikuwa wachache.

"Wamepungua?" mama aliuliza.

"Wamepungua, mama. Lakini hawa wanatafuta kahawa."

Mvua za masika zilipokaribia, video ikanunuliwa. Mnunuzi alikuwa anatengeneza filamu kuhusu namna watu mbalimbali wanavyotumia kahawa. Aliandika ujumbe akiuliza jina la mama yule, na kama angependa litajwe. Mama alikubali kabla swali halijaisha.

Filamu ilipotoka, wote watatu waliitazama kwenye simu. Mama akaonekana, na chungu, na moshi. Chini yake yalitokea maandishi, na Gosbert akayasoma kwa sauti:

"Eustadia, mpishi wa kahawa, Karagwe."

"Soma tena."

Gosbert akasoma tena.

Mama Eustadia aliinuka, akachota amwani, akazifunga kwenye jani kavu la mgomba na kuziweka juu ya kabati.

"Hizo za nani, mama?" Koku aliuliza.

"Za huyo aliyeniuliza jina langu. Akija, asikute zimeisha."