Pumzi za Mkaguzi

Harufu ilirudi kabla mkunga hajamaliza kushukuru. Alikuwa ameshakaa kwenye usukani, mkoba wake wa kazi kaupakata, anamwambia fundi Mungu amzidishie, ndipo kiyoyozi kikapuliza na maneno yakamkatikia mdomoni. Aliziba pua kwa kiganja. Fundi aliyekuwa amesimama nje ya mlango naye aliisikia: harufu ya nguo zilizoanikwa chumbani zikakataa kukauka, na ndani yake kitu kingine, kitamutamu, cha kutia kichefuchefu.

"Si umesema umesafisha, fundi?"

"Nimesafisha, mama. Niachie mpaka kesho."

Alijibu kwa upole, lakini roho ilimuuma. Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Injini hakuzigusa, matairi hakuyataka; kazi yake ilikuwa kiyoyozi cha gari, basi. Na katika kazi hiyo, harufu ya uvundo ndiyo aliyoidharau kuliko zote. Ukungu huota kwenye kisanduku cha baridi nyuma ya dashibodi, penye giza na majimaji. Unazibua kimpira cha kutolea maji, unatupa chujio la zamani, unapuliza dawa ya povu, kisha unafunga milango na vioo vyote, unabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, na dawa inazunguka mle mle mpaka iingie kila kona. "Dawa haitaki upenyo," alipenda kuwaambia wateja, kidole juu, utadhani anahutubia. Gari la mkunga alilifanyia yote hayo. Ila chujio alilolitoa lilikuwa kavu kabisa, na jambo hilo lilikuwa linamsumbua tangu asubuhi.

Mkunga alishuka. Kabla ya kuondoka akasema, akiangalia pembeni, "Nililinunua kwa mjane mmoja. Marehemu mumewe alikuwa na tabia ya kujifungia humo mchana kutwa, vioo juu, AC inavuma. Haendi popote. Mwishowe walimkuta humo humo, ameshakata roho."

"Mama, ukungu haujui nani mjane," fundi alisema, akacheka. Mkunga hakucheka.

Sasa, fundi huyu alikuwa na njia yake ya kupima kazi, na njia hiyo ndiyo iliyomponza. Pua yake ilikuwa imekwisha kwa miaka ya kunusa gesi na povu, kwa hiyo aliazima ya bintiye, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa darasa la pili. Kila alasiri alikwenda kumchukua shuleni kwa gari la mteja. Wakifika kivulini wanapandisha vioo, baba anabonyeza kitufe cha hewa ya ndani, binti anafumba macho na kuvuta pumzi tatu ndefu. Kisha anatoa hukumu, sauti kaifanya nzito kama ya bosi: "Imepita." Au: "Haijapita." Ndiyo maana baba yake alimwita Mkaguzi, na hapakuwa na gari lililorudi kwa mwenyewe kabla Mkaguzi hajasema. Ulikuwa mchezo wao. Mtoto hakuwahi kupata hata mafua kwa sababu yake.

Siku hiyo, kwenye gari la mkunga, aliingia kiti cha nyuma, akainuka hapo hapo.

"Baba, kiti kimelowa."

Fundi aligeuka akapitisha mkono. Kavu. "Kaa, Mkaguzi, usinicheleweshee kazi."

Vioo vikapanda. Kitufe kikabonyezwa. Mtoto akafumba macho, akavuta pumzi ya kwanza, akavuta ya pili, na kabla ya ya tatu akayafumbua.

"Baba, hii si ya gari."

"Ni ya nini?"

"Ni ya mtu."

Fundi alitaka kutania, akaacha. Alizima gari. Injini ikanyamaza, taa za dashibodi zikafa, lakini upepo uliendelea kutoka kwenye matundu, taratibu, ukakoma, halafu ukaanza kurudi. Alisikia vinyweleo vya mkono wake vikivutwa kuelekea kwenye tundu. Ukatoka tena. Ukarudi. Miaka yote aliyofanya kazi hii hakuwahi kuona kiyoyozi kinachovuta pumzi. Vioo vilianza kuingia ukungu kwa ndani, na kwenye kile cha nyuma, karibu na kichwa cha bintiye, palitokea alama ya kiganja, kipana, cha mtu mzima, kikiteremka polepole huku maji yakichuruzika kutoka kwenye vidole.

Hakumbuki alivyoufungua mlango. Anachokumbuka ni kwamba mkono wa mlango ulikataa kwanza, kisha ukakubali, kama aliyekuwa ameushika amecheka na kuuachia. Walikwenda nyumbani kwa miguu, gari limeachwa pale kivulini, na njia nzima mtoto alikohoa kikohozi cha majimaji.

"Ananiambia nisivute hewa ya nje," alisema.

"Nani anakwambia?"

"Huyo aliyelowa."

Kulipokucha fundi alimwomba jirani mwenye lori amsaidie kulivuta gari hadi gereji, maana kukaa tena kwenye ule usukani hakuthubutu. Alifungua milango yote minne, akafungua dashibodi. Kisanduku cha baridi kilikuwa safi kama alivyokiacha. Alipoichomoa feni ndipo aliponywea. Ilikuwa imezungukwa na nywele, ndefu, zimelowa, zimejisokota kwenye mapanga yake. Alizishika kwa koleo akavuta, zikaja, akavuta zaidi, zikazidi kuja, na mwisho wake hakuuona. Zilikuwa za vuguvugu. Aliitupa koleo akampigia simu shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mama aliyejulikana kwa kuwatibu watu waliopagawa.

"Shangazi, nina gari hapa..."

"Lina mtu ndani."

"Sijasema hivyo, shangazi."

"Na mimi sijakuuliza, baba. Usimkaribishe mtoto hapo. Nakuja."

Lakini mtoto alikuwa hapo hapo. Mama yake alikuwa kazini, shule hakwenda kwa sababu ya kikohozi, na nyumbani peke yake hakuachika. Shangazi alipofika alimkalisha kwenye benchi karibu na lango, akamwambia asibanduke. Kisha akalizunguka gari mara moja, kaziba pua kwa shuka alilojitanda.

"Hili ni jini la vyumba vilivyofungwa," alisema kwa sauti ya chini. "Linakaa penye unyevu, hewa ikiwa ni ile ile. Mtu likimpenda linamfundisha kufunga. Anafunga hili, anafunga lile, mpaka anabaki nalo wawili tu, wanapokezana pumzi, na ya mtu ndiyo inayokwisha. Sasa nisikilize, mwanangu. Milango yote iwe wazi. Vioo vyote chini. Nitasoma, litatoka, na likitoka lazima lione njia. Usifunge kitu chochote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Alielewa kweli. Fundi hakuwa mbishi wala mpumbavu. Alikirudisha kila kitu mahali pake kama alivyoagizwa, akaliwasha gari, feni ikaanza kuvuma. Shangazi aliweka chetezo cha ubani sakafuni upande wa abiria, pale pale ambapo fundi huweka kopo lake la dawa. Akasimama nje, mbele ya boneti, akafumba macho, akaanza kusoma. Moshi ukapanda. Na moshi wote ule, mzito, mweupe, ukawa unatoka nje kwa milango minne na kupotelea gerejini bila kugusa hata tundu moja la hewa.

Dawa inapotea bure, fundi aliwaza. Haizunguki. Aliwaza hivyo kama alivyowaza kila siku ya kazi, na mikono yake haikumngoja amalize. Alifunga mlango wa mbele wa abiria. Akafunga wa pili. Akazunguka akafunga wa nyuma, akiwa na haraka, moshi ukimchoma macho, akajipenyeza upande wa dereva akapandisha vioo, akabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, akatoka, akaufunga na huo. Alijisikia vizuri, kama mtu aliyeokoa kazi iliyokuwa inaharibika.

Ndipo komeo za milango zilipojifunga zenyewe, zote kwa mpigo, na shangazi akanyamaza.

Fundi alitazama benchi. Lilikuwa tupu.

Alimwona kupitia kioo cha nyuma, amekaa mahali pake pa kila siku, mikono juu ya magoti, macho kafumba, tayari kwa kazi. Alivuta pumzi ya kwanza, na moshi ukamwingia, na akakohoa, na akafumbua macho akamtafuta baba yake, na baba yake alikuwa ameshaushika mkono wa mlango anauvuta kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele ambazo hakujua ni zake, akakimbilia wa pili, akakimbilia wa tatu, akaokota spana kubwa akapiga kioo, kikalia kama ngoma bila kupata hata mkwaruzo, akapiga tena na tena mpaka spana ikamtoka mkononi, na ndani vioo vilikuwa vinaingia ukungu kuanzia chini kwenda juu, uso wa mtoto ukimezwa kidogo kidogo, kidevu, mdomo, pua, mpaka kikabaki kiganja chake kidogo kimebandikwa kwenye kioo, na juu ya kiganja kile, kwa ndani, kikaja kingine kikubwa chenye kulowa kikakifunika.

"Umefunga!" shangazi alilia. "Mwanangu, umefunga!"

Upepo wa kiyoyozi ulisikika hata nje. Ukavuta. Ukatoa. Kati ya pumzi na pumzi, kikohozi cha mtoto kilizidi kuwa kidogo. Fundi alibandika mdomo kwenye ufa wa mlango. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, na woga ule haukuwa wa jini, ulikuwa wa kikohozi kile kukoma.

"Mwachie," alinong'ona. "Ana kifua kidogo huyo. Hatakutosha. Mimi nipo hapa."

Upepo ulikoma.

"Shangazi, usiniangalie," alisema, na akarudi kwenye ufa. "Mimi fundi wa kufunga. Nimefunga magari maisha yangu yote. Mwachie, nikae mimi."

Mlango ulifunguka kidogo, upana wa mtoto tu. Alimchomoa Mkaguzi kwa kwapa, mwepesi, amelowa chapa chapa kuanzia nywele hadi soksi, akampa shangazi mikononi, na kabla shangazi hajapata mkono wa kumshika yeye, alishajipenyeza ndani akakaa mahali pa binti yake. Mlango ukajifunga taratibu. Wa nje waliona kivuli chake, na kando yake kingine kimemwegemea. Alivuta pumzi tatu ndefu.

Kisha milango yote minne ikafunguka, ubani ukatoka, fundi akashuka mzima, na gari likawa gari.

Mkunga alikuja jioni ile akakuta hewa safi, ya baridi, isiyo na dosari, akashukuru mpaka mwisho safari hii. Mtoto alikuwa kaacha kukohoa. Alipoulizwa kwa nini alibanduka kwenye benchi, alishangaa. "Si baba aliniita? Alisema, Mkaguzi, zamu yako."

Baba hakuwa amemwita. Shangazi alimsindikiza fundi mpaka langoni, akamshika mkono asimwachie.

"Limetoka?"

"Limetoka, shangazi. Si umeliona gari?"

"Gari nimeliona. Hilo jini limetoka kupitia wapi?"

Fundi alisema amechoka.

Nyumbani mkewe alikuwa hajarudi. Jua lilikuwa bado lipo, kupo kiupepo kizuri, na Mkaguzi alikwenda dirisha hadi dirisha akiyafungua yote, la sebuleni, la jikoni, la chumbani, maana siku ile hakutaka kitu kilichofungwa. Aliporudi sebuleni akakuta la kwanza limefungwa. Akalifungua. Akasikia la jikoni linabanwa. Alimkuta baba yake pale, anasukuma komeo kwa kidole gumba, kwa utaratibu, kama anavyofanya kazini.

"Baba, mbona unafunga?"

Fundi aliutazama mkono wake. "Kuna vumbi," alisema.

Alimwona mtoto anamwangalia. Akapiga magoti mbele yake, akajaribu kutabasamu.

"Haya, Mkaguzi. Kazi moja ya mwisho. Fumba macho."

Mtoto alifumba. Baba akafungua kinywa, akatoa pumzi usoni pake polepole. Mkaguzi alivuta ya kwanza. Alivuta ya pili. Ya tatu hakuivuta. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa nje wa jikoni, uliokuwa nusu wazi, na hakuifanya sauti yake nzito hata kidogo.

"Haijapita, baba."

"Basi nenda nje," fundi alisema. "Nenda kwa jirani, ukae huko mpaka mama arudi. Kimbia, mwanangu." Na alipokuwa bado anasema hivyo, mkono wake ulinyooka juu ya kichwa cha mtoto, ukaushika mlango, ukaufunga.