Bima ya Dorca

Jambo la kwanza lililomshtua Maximilla lilikuwa sahihi. Alikuwa ameketi katika ofisi ya bima mjini Kisumu, amevaa gauni la buluu la mwanamke aliyekufa, na mkono wake, ambao tangu shuleni uliandika kama kuku anayeparua, ukaandika jina la Dorca kwa mwandiko mwepesi wa kulala. Bwana Shitanda, karani wa bima, aliilinganisha na sahihi ya zamani iliyokuwa katika faili lake, akaridhika.

"Ni ile ile, Mama," alisema.

Maximilla hakuwahi kuiona sahihi ya Dorca maishani mwake.

Dorca alikuwa mke wa kwanza wa Zadock Wabwire, fundi wa mitambo bandarini. Alikuwa muuguzi, Mjaluo wa pwani ya ziwa, na kwa miaka kumi alikatwa mshahara kulipia bima ya kujiwekea akiba. Mwaka wa 1968, alipokuwa amemaliza tu kuilipia, mashua aliyoipanda Port Victoria ilipinduka na mwili wake haukuonekana. Wazee walitaka wazike mgomba badala yake, ilivyo desturi, Zadock akakataa. Baada ya miaka mitatu alimwoa Maximilla kutoka Bungoma, akamleta mtaa wa Manyatta, hapo Kisumu. Hakumpiga wala hakumnyima chochote. Ila nguo za Dorca zilibaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda walicholalia, na kila Jumapili alizitoa, akazianika, akazikunja tena yeye mwenyewe.

Kisha Shitanda akaja na baiskeli yake, akiwatafuta watu waliosahau pesa zao. Maximilla alipompa mumewe habari hiyo, Zadock aliacha kula.

"Wacha hizo pesa zikae," alisema. "Nikizitaka lazima niape kortini kwamba amekufa. Mimi sijamwona amekufa."

Maneno hayo yalimchoma Maximilla kuliko tusi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amekaa tu katika kiti cha mtu, mwenye kiti akingojewa arudi. Basi akaona, kama Dorca hajafa, na aende achukue chake. Alitoa hati ya bima sandukuni, akavaa lile gauni, na Shitanda alipomuuliza kama yeye ndiye Dorca, akajibu kwamba ndiye, akapewa bahasha ya pesa.

Alasiri hiyo mboga za sukuma wiki alizozikaanga zilinuka ziwa. Alibadilisha sufuria, akabadilisha maji, na bado harufu ya matope na mafunjo yaliyooza ikapanda pamoja na mvuke. Alipogeuka kufungua dirisha alikanyaga maji: nyayo za mtu aliyelowa zilitoka mlangoni hadi pale aliposimama yeye, na hazikurudi.

Siku chache baadaye alikwenda sokoni kununua ngege. Dholuo alijua salamu tu. Lakini alisikia kinywa chake kikibishana bei na mwenye samaki kwa Dholuo laini, kikitania, kikiuliza habari za wagonjwa asiowafahamu, na yule mama mzee akamshika mkono akicheka, halafu akauachia ghafla, kwa sababu mkono ulikuwa baridi na umejikunja ngozi kama wa mtu aliyefua kutwa.

Aliwapika wale samaki asijue alivyowapika. Zadock alionja, machozi yakamtoka, akala mpaka mifupa ikabaki mitupu. Kesho yake alirudi nyumbani mapema kutoka kazini. Alimletea kitambaa cha kichwa, akakaa naye uani, akamsimulia mambo ya bandarini kama mtu aliyefunguliwa ulimi. Alimtazama machoni. Ni jambo alilolililia Maximilla miaka miwili, na sasa alipolipata hakuweza kulifurahia, maana alijua macho yale yanamtazama nani. Akawa anauonea wivu uso wake mwenyewe kwenye kioo.

Hapo ndipo alasiri zake zilipoanza kupotea. Alikuwa akiinama kuwasha jiko, na akiinuka jua limeshashuka, nywele zake zinachuruzika maji, chakula kimepikwa, nyumba imefagiwa, na Zadock yuko mlangoni anatabasamu. Na kila siku aliporudi alirudi kwa kuchelewa zaidi, kutoka chini zaidi, mahali penye kiza cha kijani ambapo alisikia sauti yake ikicheka na mumewe kwa mbali, juu kabisa, kama watu wanaoongea mashuani.

Alikimbia kuzirudisha pesa. Shitanda alimtazama kwa mshangao. "Lakini hizi ni zako, Mama Dorca," alisema, akamrudishia bahasha.

Mwishowe akaenda Mamboleo kwa Mama Nabututu, mwanamke wa maombi aliyejulikana kwa kufukuza mapepo. Mama huyo alimnusa, akasogeza kigoda nyuma.

"Hakuingia kwa nguvu," alinong'ona. "Uliazima jina lake, naye akalifuata. Mlete mume."

Walikuja Jumamosi adhuhuri. Mama Nabututu alifukiza majani, akapiga ngoma ndogo na kuimba hadi jasho likamlowesha kanzu yake nyeupe. Maximilla alianza kutapika maji, mengi, yenye vidagaa hai vilivyorukaruka sakafuni. Zadock alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Wako wawili humo," Mama Nabututu alimwambia. "Mimi siwezi kuchagua. Wewe ndiwe mwenye nyumba. Mwite mke wako kwa jina, na huyo mwingine ataondoka, wala hatarudi tena. Mwite upesi."

Maximilla alimsikia kutoka chini kule. Aliparamia maji kwa mikono na miguu, akaiona nuru, akauona uso wa mumewe ukiwa umeinama juu yake, umepauka, midomo imefunguka, na akawaza kwamba mtu hawezi kuishi na mwanamke miaka miwili, akala chakula chake, akauguzwa naye malaria, kisha akamsahau jina. Akamngoja, na kifua kikamwaka kwa kukosa pumzi, na bado akamngoja.

Zadock alipiga magoti. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, polepole, kama anayeshika kitu alichokitafuta kila mahali.

"Dorca," alisema.