Majani Aliyoyalinda Kiptanui

Kiptanui alichuma chai shambani kwake Kimulot bila kuvuta sigara hata moja. Alijua majani ya chai hushika harufu upesi. Karani wa kituo cha kununulia majani akinusa moshi, kikapu kizima hurudishwa nyumbani.

Kwa hiyo alisubiri jioni. Alifunga mlango kwa sababu ya baridi, akakaa karibu na moto akivuta, binti yake Nelvine wa miaka mitatu amelala mapajani.

Mvua zilipoanza, Nelvine alikohoa. Mama yake, Tecla, alisema ni baridi tu. Wakaziba dirisha kwa gunia.

Jumatatu moja midomo ya mtoto iligeuka buluu. Mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi. Kiptanui alimbeba mbio hadi zahanati.

Daktari Dorcus alimpa mtoto dawa ya kufungua kifua. Pumzi ilipotulia, aliuliza nani anavuta sigara nyumbani. Kiptanui alijibu kwamba ni yeye, lakini shambani havuti kamwe. Akaeleza habari za karani, tena kwa fahari kidogo.

Daktari alimtazama. "Baba Nelvine, majani umeyalinda. Na huyu?"

Kiptanui alimgeukia mtoto. Miaka mitatu, na hakuwahi kuwaza hivyo hata siku moja.

Daktari hakumgombeza. Alimuuliza kama anataka kuacha. Wakachagua siku, Jumapili. Alimwambia atupe sigara zote, awaambie Tecla na rafiki zake, na dirisha lifunguliwe. Hamu ikija, anywe maji au atembee. Baada ya dakika chache itapita. Kisha arudi baada ya wiki moja.

Kituoni, mkulima mwenzake Kipchirchir alimtania alipokataa sigara. "Umeokoka, ama duka limefungwa?"

Siku ya nne Kiptanui aliomba sigara moja, akavuta. Aliona haya kurudi kwa daktari, lakini alirudi.

"Wengi hujaribu zaidi ya mara moja," daktari alisema. "Hamu ilikushika wapi?"

"Kituoni, nikingoja lori la majani."

"Basi ngoja na kitu mdomoni."

Tangu siku hiyo Tecla alimfungia mahindi ya kukaanga. Kipchirchir alicheka, halafu naye akaanza kuomba punje.

Baridi iliporudi mwaka uliofuata, dirisha lilikuwa wazi na Nelvine hakubebwa tena mbio. Jioni moja alipanda mapajani, akanusa koti la baba yake kama karani.

"Baba," alisema, "unanuka majani."

Kiptanui alimkumbatia, akisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka.